MAONI: Vijana wenye kamera, hebu tumsome Mo Amin upya

Kama umewahi kushuka stage ya Cheptiret siku ya mahafali pale chuoni Kesses, unajua vile huwa. Matatu za kutoka Eldoret zinamwaga wazazi waliovalia suti na vitenge, nduthi zimejipanga kwa kona ya kuingia barabara ya chuo, na kila baada ya hatua tano kuna kijana mwenye kamera shingoni. "Mathe, picha moja tu na mtoto. Unaipata saa hii kwa simu."

Mimi ni mmoja wao. Nimepiga picha za mahafali, harusi, koito na mazishi tangu nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikasema nitarudi muhula ujao, na huo muhula ujao haujawahi kufika.

Mahafali ya mwisho tulikuwa vijana sita hivi kwa kibanda cha chai, tukingoja wahitimu watoke. Stori zilikuwa za vifaa tu. Nani amenunua lenzi mpya, nani ameagiza droni, nani ameuziwa kamera ya mtumba yenye kioo kilichopasuka. Nikawauliza, "Wasee, mnamjua Mo Amin?" Kimya. Kisha mmoja akajibu bila aibu, "Si ni yule dikteta wa Uganda?"

Tulicheka sana. Lakini nikirudi kwa nyumba usiku ule, kicheko kiliisha. Sisi ni vijana tunaokula kwa kamera, tunajua bei ya kila lenzi iliyoko Nairobi, na hatumjui mtoto wa Eastleigh ambaye kamera yake ilifanya dunia nzima isimame. Hapa Uasin Gishu, ukimuuliza mtoto wa darasa la nne nani alishinda mbio gani, atakutajia. Wakimbiaji wetu tunawajua kwa majina ya kwanza. Wanaoshika kamera hatuwajui hata kidogo.

Naandika hii kwa sababu naamini maisha ya Mohamed Amin yanajibu maswali matatu ambayo mimi na wewe tunaulizana kila siku. Nitaanzaje bila vyeti? Nirekodi nini, na nini niache? Na kazi yangu ni ya nani nikishaimaliza? Majibu yake mengine ni matamu. Mengine yanauma.

Alianza na kijisanduku

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alifanya kazi ya reli. Familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko kijana alipopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mtumba. Kama hujawahi kuiona, ni kijisanduku chenye tundu la lenzi mbele na kitufe cha kubonyeza. Hakuna kuvuta picha karibu, na hakuna kuangalia kama imetoka vizuri. Unabonyeza, unaomba Mungu, kisha unangoja filamu isafishwe katika chumba cha giza.

Mwaka 1963, akiwa na takriban miaka 20, alianzisha kampuni yake Dar es Salaam akaiita Camerapix. Hakuna shule ya filamu iliyompa cheti ndipo aanze. Alikuwa na kamera, miguu, na tabia moja ambayo watu waliofanya naye kazi waliizungumzia maisha yake yote: alikuwa anafika.

Januari 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar, upande wa pili wa maji. Mo alikuwa huko na kamera. Akaendelea kurudi visiwani, hadi mwaka 1966 alipokamatwa kwa sababu ya alichokuwa amekirekodi. Alifungwa jela na kuteswa, kisha akafukuzwa. Akarudi Nairobi akiwa amekonda, bila kitu, na kuanza upya.

Hebu fikiria umri wake hapo. Ni miaka 22. Umri ambao mimi nilikuwa nimelala kwa bedsitter nikilaumu serikali, karo na mvua.

Usinielewe vibaya. Sisemi uache chuo. Mimi niliacha na kuna asubuhi naona wenzangu wakipita na majoho yao na nasikia kitu kikinikaba kooni. Kama karo ipo, maliza. Ninachosema ni kwa wewe ambaye tayari uko nje, unayeamini kwamba bila cheti na bila kamera ya laki mbili huwezi kuanza. Simu iliyo mkononi mwako inarekodi vizuri kuliko chombo chochote ambacho Mo alikuwa nacho kwa miaka yake ya kwanza. Reli ya kawaida ya filamu ya milimita 16, ile ya futi 100, inakupa chini ya dakika tatu tu za kurekodi. Ikiisha, unabadilisha, na wakati unabadilisha historia haikungoji. Ilibidi ujue unachotaka kabla ya kubonyeza. Sisi tunarekodi saa nzima ya kwaya kisha hatuna hata picha moja ya uso wa bibi harusi akimwona mamake.

Siku ya Mboya, na siku yangu ya aibu

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka duka la dawa kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Mo Amin alifika baada ya dakika chache tu. Alirekodi dakika zile za mwisho, daktari akipigania kumrudishia Mboya uhai. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Uingereza kama mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka. Hakuwa amefikisha miaka 26.

Hapa lazima tusimame, kwa sababu najua unachofikiria. Mtu anakufa, na mwingine ameshika kamera. Hiyo ina tofauti gani na sisi?

Nitakuambia ukweli ambao sijawahi kuandika. Barabara yetu hii, kutoka Eldoret kupita Cheptiret, Burnt Forest hadi Timboroa, inakula watu. Trela za kuelekea Malaba, matatu zenye haraka, ukungu wa asubuhi. Kuna siku moja nilisikia kishindo, nikakimbia, na kabla sijafika nilikuwa tayari nimetoa simu. Nilirekodi kila kitu. Nikaposti kabla hata majeruhi wa mwisho hajatolewa kwa gari. Nilipata watazamaji wengi kuliko nilivyowahi kupata. Jioni ikaingia meseji kutoka kwa msichana nisiyemjua. Aliniuliza kama ninayo sehemu nyingine ya ile video, kwa sababu ameona viatu, na anafikiri ni vya ndugu yake.

Sikujua nijibu nini. Nilifuta video, lakini ilikuwa imeshasambazwa kwa makundi yote ya kaunti. Yule msichana alijua kifo cha ndugu yake kutoka kwangu, kupitia viatu, kwa sababu mimi nilitaka kiki.

Tangu siku hiyo nimejiuliza tofauti iko wapi kati ya ile video yangu na filamu ya Mboya. Nimefikia hivi. Mboya alikuwa waziri, aliuawa mchana mbele ya watu, katika nchi iliyokuwa na miaka mitano na nusu tu ya uhuru. Taifa lilihitaji kuona kilichofanyika, maana hadi leo watu wanauliza nani hasa alituma ile bunduki. Picha zile zilikuwa ushahidi wa umma. Video yangu haikuwa ushahidi wa chochote. Haikuonyesha namba ya gari, haikuonyesha barabara ilivyochimbika, haikumuuliza dereva aliyenusurika kitu chochote. Ilionyesha damu, basi.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza, jiulize: nani atasaidika akiona hii? Ukikosa jibu, weka simu mfukoni ushike mkono wa aliyeumia. Kuna kazi nyingine pale isiyohitaji kamera.

Korem, Oktoba 1984

Sasa tufike kwa kazi iliyomfanya Mo Amin awe Mo Amin.

Mwaka 1984 alikuwa akiongoza ofisi ya Nairobi ya Visnews, shirika lililokuwa likisambaza picha za habari kwa vituo vya televisheni duniani. Kaskazini mwa Ethiopia watu walikuwa wakifa njaa kwa maelfu. Serikali ya kijeshi ya Mengistu haikutaka wageni waende huko, kwa sababu kulikuwa pia na vita dhidi ya waasi wa Tigray na Eritrea. Mo alikuwa amejenga urafiki na watu huko Addis Ababa kwa miaka mingi, na alijua mlango gani wa kubisha. Akapata kibali ambacho wengine walikosa.

Akaenda na mwanahabari wa BBC, Michael Buerk. Walifika Korem na Mekele. Alfajiri yenye baridi, moshi wa moto mdogo mdogo, na watu wamelala chini kwenye uwanda hadi macho hayafiki. Mo alitembeza kamera polepole. Hakuna kuruka ruka, hakuna mbwembwe. Uso mmoja, kisha mwingine. Mama na mtoto. Waliokufa usiku wakiwa wamefungwa kwa shuka.

BBC ilionyesha ripoti hiyo tarehe 23 Oktoba 1984. Baadaye ikarushwa na vituo zaidi ya 400 vya televisheni ulimwenguni. Bob Geldof aliiona akiwa nyumbani, akawaita wanamuziki wenzake Uingereza, wakarekodi wimbo wa Band Aid kabla ya mwaka kuisha. Januari 1985 Wamarekani nao, wakiwemo Michael Jackson na Lionel Richie, wakarekodi wao. Tarehe 13 Julai 1985 ikawa Live Aid, tamasha la London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni ya pauni na dola zikapatikana. Ndege za chakula zikaanza kutua. Mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile, lakini kuna wengi walioishi, na mnyororo uliowafikia unaanzia kwa mtu mmoja aliyesimama kwenye uwanda wa Korem na kamera begani.

Hii ndiyo sehemu ambayo kila mtu husimulia. Mimi nataka uangalie pia sehemu ambayo haisimuliwi sana.

Picha zilikuwa za Mkenya. Sauti ilikuwa ya Mwingereza. Nyimbo ziliimbwa na watu wa London na Los Angeles. Kila hatua ambayo stori ilichukua kutoka Korem, ilipoteza kitu njiani. Ilipofika kwa wimbo, vita vilikuwa vimepotea. Mengistu alikuwa amepotea. Sera za serikali zilizofanya njaa iwe mbaya zaidi zilikuwa zimepotea. Kilichobaki ni bara lililokauka, watu wasio na majina, wakingoja wazungu waamue. Hadi leo kuna watu huko ng'ambo ambao Ethiopia kwao ni hiyo picha tu, na Afrika yote kwao ni Ethiopia. Waethiopia wenyewe wamelalamika kuhusu hilo kwa miaka.

Je, ni kosa la Mo? Sidhani. Alifanya kazi ambayo ilibidi ifanywe, na kama angesema hapana, watu wengi zaidi wangekufa kimya. Lakini somo kwetu liko wazi. Anayepiga picha akimwachia mwingine maelezo yote, huyo mwingine ndiye ataamua picha inamaanisha nini.

Kwa hivyo mkulima wa mahindi pale Kesses akikuonyesha gunia lake lililooza kwa kukosa pahali pa kukausha, usimrekodi tu akilia. Muulize jina lake. Muulize bei aliyoahidiwa na bei aliyopewa. Rekodi mashine ya kukausha iliyofungwa na kufuli, kama ipo. Andika maelezo mwenyewe, kwa lugha yake na yako. La sivyo, klipu itachukuliwa, itawekewa muziki wa huzuni, na mkulima wako atakuwa meme.

Mkono mmoja

Juni 1991, utawala wa Mengistu ulikuwa umeanguka wiki iliyotangulia. Ghala la silaha likalipuka Addis Ababa, na Mo akaenda na wenzake kurekodi. Mlipuko mwingine ukatokea wakiwa pale. Mhandisi wake wa sauti, John Mathai, Mkenya mwenzetu, akafa. Mo akapoteza mkono wa kushoto.

Nataka ulitaje jina hilo la pili kwa sauti. John Mathai. Kila wakati tunaposimulia ushujaa wa mtu wa kamera, kuna mwingine aliyekuwa nyuma yake ameshika maikrofoni, na mara nyingi jina lake halifiki kwenye kichwa cha habari. Kwa vijana wetu ni yule boi anayeshika taa, anayebeba begi, anayelipwa mwisho au halipwi kabisa. Nimewahi kuwa huyo boi. Harusi moja nilibeba vifaa kuanzia saa kumi alfajiri hadi usiku, na mwenye kazi akanipea nauli na sahani ya pilau. Ukipata kazi, mlipe aliye nyuma yako kabla hujaongeza lenzi.

Mo aliwekewa mkono bandia, akatengenezewa namna ya kushikilia kamera, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini. Watu husimulia hii kama hadithi ya kutia moyo, na kweli inatia moyo. Ila mimi naiona na jicho lingine pia. Hakuna picha inayostahili kifo cha John Mathai, na nadhani hakuna mtu aliyejua hilo kuliko Mo mwenyewe. Ukienda kurekodi maandamano, moto au mafuriko ya mto, nenda mkiwa wawili, mwambie mtu nyumbani unaenda wapi, na ujue njia ya kutoka kabla ya kuingia. Ujasiri bila mpango ni kujipeleka mazishini.

Tarehe 23 Novemba 1996 Mo alipanda ndege ya Ethiopian Airlines nambari 961 kutoka Addis Ababa akirudi nyumbani Nairobi. Watu watatu waliiteka nyara wakitaka ipelekwe Australia, ingawa mafuta hayangefika. Mafuta yakaisha juu ya bahari, na rubani Leul Abate akajitahidi kuitua majini karibu na ufuo wa kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwa ndani, 125 walikufa. Walionusurika walisimulia kwamba Mo alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji hadi mwisho. Alikuwa na miaka 53. Mwandishi mwenzake wa vitabu vingi, Brian Tetley, alikufa katika ndege hiyo hiyo.

Na hata kifo hicho kilirekodiwa na kamera. Mtalii aliyekuwa ufuoni alikuwa na kamera ya video, na ile klipu ya ndege ikipinduka majini imezunguka dunia mara nyingi kuliko kazi nyingi za Mo.

Picha zako ziko wapi?

Sasa tuje kwa swali la tatu, na hapa ndipo nataka kukushika shati kidogo.

Sababu moja ya sisi kuweza kuzungumza kuhusu Mo leo ni kwamba hakuwa mwajiriwa tu. Alifanya kazi na mashirika ya kigeni, ndio, lakini Camerapix ilibaki yake. Alichapisha vitabu vya picha kuhusu Kenya, kuhusu Ziwa Turkana, kuhusu safari ya Hija kule Makka. Alitunza picha na filamu zake. Alipokufa, mwanawe Salim Amin alichukua usukani, na mwaka 2006 ikatoka filamu kuhusu maisha ya mzee, "Mo & Me". Kwa sababu hifadhi ipo, tunaweza kuona Zanzibar ya 1964, Nairobi ya 1969 na Kampala ya Idi Amin kama zilivyorekodiwa na mtu wa hapa hapa.

Wewe zako ziko wapi?

Mimi nitakuambia zangu. Kulikuwa na video ya kogo wangu, dakika 40, akisimulia vile alivyotembea kwa miguu hadi hospitali Eldoret kumzaa mamangu. Niliiweka kwa hadi diski moja. Hadi diski ikaanguka kutoka kwa meza, ikalia tik tik tik, ikafa. Nikajiambia nitamrekodi tena Krismasi. Kogo hakufika Krismasi.

Sasa panua hiyo hasara iwe ya nchi. Juni 2024 vijana wa rika letu walijaa barabarani, na sehemu kubwa ya tulichokiona ilitoka kwa simu zao. Aprili 2025 kitengo cha BBC Africa Eye kilitoa filamu ya uchunguzi kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni. Walichambua zaidi ya picha na video 5,000. Nyingi zilikuwa za watu wa kawaida waliorekodi na kuweka. Kila klipu ilikuwa kipande kidogo, na vilipounganishwa vikawa ushahidi. Jiulize ni klipu ngapi za siku hiyo zimepotea kwa sababu simu iliibwa, au mwenyewe alifuta apate nafasi ya muziki.

Au chukua Kelvin Kiptum. Oktoba 2023 alikimbia Chicago kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia. Februari 2024 akafa ajalini, si mbali na hapa. Wewe uliyekuwa ukimwona akipita alfajiri, una picha yake hata moja? Umeiweka wapi?

Kwa hivyo, kama huna muda wa kukumbuka yote niliyosema, kumbuka haya.

Weka nakala tatu za kila kazi muhimu, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba yako. Tuma kazi kwa mteja kwa WhatsApp ukitaka, lakini usitegemee WhatsApp kama ghala, kwa sababu inabana picha na kuondoa taarifa za saa na mahali. Ile faili ya kwanza kabisa ndiyo mali.

Andika jina la faili, tarehe, mahali na waliomo. Picha bila majina baada ya miaka 20 ni karatasi ya rangi tu.

Andikianeni na mteja kabla ya kazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba kazi uliyoagizwa na mteja, haki zake zimehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Wengi wetu hatujui hilo hadi tunapoona picha yetu kwa bango la barabarani bila hata asante. Ukurasa mmoja unatosha: nani anamiliki, nani anaweza kutumia, kwa muda gani, kwa pesa ngapi.

Na kwa wakubwa wetu, ombi moja. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji lina barabara, taa na maji taka, sawa. Lakini jiji pia lina kumbukumbu. Tunataka chumba kimoja tu, hata kama ni kona ya maktaba, ambapo kijana anaweza kuleta picha na video za mtaa wake zikahifadhiwa vizuri kwa jina lake. Picha za soko kabla halijabomolewa. Za wakimbiaji kabla hawajawa maarufu. Za Kiambaa, Burnt Forest na yote ambayo wazee wetu hawataki kuzungumza tangu 2008. Tukiwa na pahali pa kuweka, tutakuwa na sababu ya kurekodi vizuri. Na walimu wanaofundisha mambo ya filamu na sanaa, mtajeni Mo Amin darasani, tafadhali, ili siku moja nisiambiwe tena ni dikteta wa Uganda.

Dikteta mwenyewe, kwa taarifa yako, Mo alimrekodi pia. Mwaka 1980, wakati ulimwengu ulikuwa ukijiuliza Idi Amin amejificha wapi baada ya kupinduliwa, Mo na Brian Barron wa BBC walimfikia Jeddah na kumhoji. Niliwaambia wale wasee wa kibanda cha chai hiyo stori wiki iliyofuata. Mmoja wao, yule aliyenijibu vibaya, akaniuliza ile filamu ya mzee inapatikana wapi. Kisha akaniuliza kitu kingine: kama ninaweza kumsaidia kumrekodi babu yake, aliyefanya kazi ya reli enzi za zamani na sasa anaanza kusahau majina.

Tunaenda Jumapili. Tumekubaliana tutabeba simu mbili, hadi diski mbili na daftari. Wewe utaenda kwa nani?